Somo: Kutoa folda moja kwenye ripo ya Git pamoja na historia yake

Tuseme ripo (hifadhi ya mradi na historia yake kwenye Git) inaitwa duka, nanyi mnataka folda ya malipo/ pekee ipate ripo yake. Mkinakili mafaili tu, historia inabaki kule. Tumieni git-filter-repo, zana ya kuandika upya historia ya ripo. Ile amri ya zamani ya filter-branch ni goigoi, na mwongozo wa Git wenyewe unaonya isitumike.

1. Sakinisha:
`pip install git-filter-repo`

2. Vuta kloni (nakala ya ripo nzima) mpya kabisa. Historia yote itaandikwa upya, kwa hiyo usiguse folda yako ya kila siku. Amri ya hatua ya 3 ikigoma kwamba kloni si mpya, usiilazimishe kwa `--force`, vuta nyingine.

3. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kama malipo/ iliwahi kuitwa lipa/, filter-repo haitaitafuta yenyewe, na historia itakatika siku folda ilipobadilishwa jina. Anza na:
`git filter-repo --analyze`
kisha soma renames.txt ndani ya .git/filter-repo/analysis. Ndipo ukate:
`git filter-repo --path malipo/ --path lipa/ --tag-rename '':'malipo-'`
Hiyo `--tag-rename` huweka malipo- mbele ya jina la kila tegi (alama ya toleo).

4. Utakuta origin, yaani anwani ya ripo ulikovuta kloni, imefutwa. Ni makusudi, usije ukasukuma juu ya ripo ya zamani. Ongeza anwani ya ripo mpya:
`git remote add origin ANWANI`
`git push origin --all`
`git push origin --tags`
Jihadhari na `--mirror`: hufuta kule iendako kila tawi na tegi ambayo wewe huna.

Maswali

*Hashi (namba za utambulisho) za komiti, yaani za kila badiliko lililohifadhiwa, zimebadilika zote. Tiketi zetu zinataja za zamani, tufanyeje?*
Haiepukiki, kwani hashi ya komiti inabeba ya mzazi wake. Chukua .git/filter-repo/commit-map kabla hujafuta kloni: kushoto hashi ya zamani, kulia mpya. Sifuri tupu maana yake komiti ilitupwa.

*Picha za LFS (nyongeza ya Git inayotunza mafaili makubwa pembeni) hazifunguki kwenye ripo mpya.*
Vilivyohamia ni vielekezi tu. Kabla ya hatua ya 3 endesha `git lfs fetch --all`. Baada ya ya 4, `git lfs push --all origin`.

*Duka bado inaendelea, nataka malipo isasishwe kila usiku.*
Basi badala ya filter-repo, endesha ndani ya duka `git subtree split --prefix=malipo -b malipo-tu`, usukume tawi hilo. Ukirudia, komiti za zamani hutoka na hashi zilezile. Ila haibebi tegi, jina la lipa/ hailijui, na kwenye historia ndefu inachukua muda.