Jinsi ya Kutuma Muziki wa Elektroakustiki Kwenye Mkutano wa Kimataifa Ukiwa Dar

Kazi yangu ya kwanza ya elektroakustiki, yaani muziki unaotungwa kwa sauti zilizorekodiwa na kugeuzwa kwa vifaa vya elektroniki, ilikataliwa kabla mtu hajaisikiliza. Waandaaji walijibu kwa mistari miwili tu: jina langu limeonekana ndani ya faili, na masharti yalitaka kazi isiyo na jina la mtunzi. Miezi mitatu ya kushinda Feri nikirekodi ikaishia hapo. Iliniuma sana, na ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Soma masharti, kalamu mkononi. Mikutano kama ICMC (mkutano wa kimataifa wa muziki wa kompyuta), ulioanza mwaka 1974, hugawa kazi kwa makundi: stirio (spika mbili), chaneli nyingi (spika nyingi kuzunguka ukumbi), ala pamoja na elektroniki, na kadhalika. Angalia muda wa juu. Ukiambiwa dakika 10 na wewe una 10 na sekunde 20, kata. Angalia pia kama mtunzi anayechaguliwa lazima alipe ada na ahudhurie, maana hiyo ni nauli na viza.

Hatua ya 2: Rekodi kwa makini. Usidhani muziki huu ni wa wageni. Mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alizunguka Cairo na kinasa sauti cha waya mwaka 1944, miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer, anayetajwa sana kama mwanzilishi wa muziki wa sauti zilizorekodiwa, kutoa kazi zake za kwanza Paris.

Mimi hupenda lango la pantoni la Kigamboni. Likishushwa, chuma hukwaruza zege kwa muda, kisha kishindo, halafu nyayo za mamia ya watu kwa mpigo. Huwahi saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa bahari haujachangamka, na maiki naivisha kipande cha sponji ya godoro. Kariakoo ni pagumu zaidi: sauti za wapiga debe ni tamu, lakini duka la jirani likiwa limefungulia redio, wimbo wa mtu umeshaingia kwenye rekodi yako. Kazi hiyo haiwi yako peke yako tena. Rudi siku nyingine.

Hatua ya 3: Kama una spika mbili, tunga kwa stirio. Usitume kazi ya chaneli 8 ambayo hujawahi kuisikia ikizunguka chumba. Wala usiibane sauti, yaani kulazimisha ndogo na kubwa zilingane, kama wimbo wa redioni. Ukumbini pana giza na utulivu, sauti ndogo itasikika, kwa hiyo ukimya uache uwe ukimya.

Hatua ya 4: Toa faili la WAV, kHz 48, biti 24, kama masharti hayasemi vingine. Dakika 10 za stirio ni kama MB 173, kwa hiyo andaa bando la kutosha. Sasa lile lililoniponza: jina la faili liwe jina la kazi tu, kisha fungua taarifa za faili ufute jina la mtunzi. Baadhi ya programu za kurekodi huliandika zenyewe bila kukuuliza. Mpe rafiki alifungue kwenye kompyuta yake, akikuona humo, rudia.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya kazi, kwanza kwa Kiswahili, kisha ndiyo utafsiri. “Kazi hii inachunguza utambulisho wa Mwafrika” haimwambii msikilizaji kitu. Andika: “Lango la pantoni linashuka mara nne, kila mara kishindo kinarefushwa mpaka kigeuke king'ora.” Jina lako lisiwemo hapa pia. Wasifu una sehemu yake.

Hatua ya 6: Tuma mapema. Ukiona muda wa mwisho ni 23:59 AoE (Anywhere on Earth, yaani mpaka siku iishe kila mahali duniani), kwetu ni saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Hata hivyo usisubiri, umeme ukikatika faili likiwa nusu utaanza upya. Mimi hutuma siku tatu kabla, usiku, kisha nalipakua lile lililopokelewa na kulisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ukikubaliwa, omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo, ubalozi utaitaka.