Mabua, Matandazo na Moto: Kujiandaa kwa Kiangazi katika Tambarare ya Moshi

Ifikapo Septemba, mkulima wa tambarare ya Moshi huwa amezungukwa na vitu vinavyoshika moto upesi: mabua upande huu, nyasi zilizokauka upande ule, na katikati nyumba, banda na ghala la mahindi. Tunakumbuka Oktoba 2020, moto ulipoteketeza takriban kilomita za mraba 95 za uoto wa Mlima Kilimanjaro, na Oktoba 2022 mlima ukawaka tena. Moto wa shambani ni mdogo kuliko huo, lakini huanza vilevile, kwa cheche iliyopuuzwa.

Wakati wa kutengeneza ukanda wa kuzuia moto ni Juni, masika yakiwa yamekwisha na nyasi bado zina ubichi. Palilia mpaka wa shamba mpaka udongo uonekane, upana wa mita 3 au zaidi, na uuongeze upande unakotokea upepo na upande wa bondeni, kwa kuwa moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoushuka. Majani uliyofyeka usiyalundike kandokando ya ukanda. Yapeleke kwenye shimo la mboji.

Kuhusu mabua, desturi ya kuyachoma ili kusafisha shamba ina hasara mbili: nitrojeni iliyomo huondoka na moshi, na udongo hubaki wazi kwa jua la Januari na Februari. Inashangaza kidogo kuona mtu akiwasha mabua huku wafugaji wa vihambani (mashamba ya nyumbani kule mlimani), wanaofungia ng'ombe bandani, wakiyanunua na kuyapandisha kwa magari. Ikibidi kuchoma, omba kwanza kibali kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji, wajulishe majirani, na usiwashe upepo unapovuma.

Matandazo yana ugumu wake, kwani kinachoukinga udongo na joto ndicho kinachoweza kuupitisha moto. Kwenye migomba, kahawa na mboga, tandaza majani kwa unene wa sentimita 10 hivi, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze wala kushambuliwa na mchwa. Asubuhi penyeza vidole chini ya majani hayo: udongo ukiwa baridi na unashikamana, umwagiliaji unaweza kungoja, ukiwa vumbi, mwagilia jioni ya siku hiyohiyo. Hata hivyo, matandazo yasifike ukutani mwa nyumba wala bandani. Pale acha udongo mtupu uliofagiliwa, hata kama macho yangependa kuona kijani.

Ng'ombe wa maziwa huweza kunywa lita 80 au zaidi kwa siku ya joto, hivyo ndoo mbili za asubuhi na jioni hazimtoshi. Akihema mdomo wazi huku mate yakimdondoka, mpeleke kivulini, mpe maji na ummwagie mwilini. Malisho mengi yatolewe alfajiri na baada ya jua kuzama.

Moto ukizuka, ondoa watu kwanza, kisha wapigie Zimamoto namba 114. Mdogo upigwe kwa matawi mabichi, mpigaji akiwa na njia ya kukimbilia nyuma yake. Ukishazimika, rudi siku inayofuata na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila kisiki bila kukigusa. Kikitoa joto, kichimbue mizizi, ukimwagie maji na ukifukie.