SOMO: Namna ya kupima ugumu wa maswali ya mtihani (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam. Kila mitihani ikishasahihishwa naulizwa lilelile: "Nitajuaje kama mtihani wangu ulikuwa mgumu au wanafunzi ndio hawakusoma?" Nimeshalijibu hadi nimechoka. Naliweka hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtupia somo hili bila salamu.

Linahusu maswali ya kuchagua yenye jibu moja sahihi. Hesabu yake ni kujumlisha na kugawanya, basi.

Hatua ya 1. Sahihisha karatasi zote, panga kwa alama kuanzia ya juu hadi ya chini.

Hatua ya 2. Fungua Excel au lahajedwali yoyote. Mtahiniwa mmoja mstari mmoja, swali moja safu moja. Andika herufi aliyoichagua, si "kapata" au "kakosa" tu. Herufi hizo utazihitaji hatua ya 6. Kisha kwenye ukurasa wa pili geuza: aliyepata 1, aliyekosa 0.

Hatua ya 3. Nafasi zilizoachwa wazi. Hapa taratibu, maana hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika bila wenyewe kujua. Nafasi wazi ni za aina mbili. Kuna *aliyeruka*: ameliona swali, limemshinda, akaendelea na yanayofuata. Huyo mpe 0. Na kuna *asiyefika*: muda ulimwishia, swali hakulisoma kabisa. Utamtambuaje? Tafuta jibu lake la mwisho. Nafasi zote zilizo kabla ya hapo kaziruka. Swali la kwanza baada ya jibu hilo hesabu kwamba aliliona likamshinda. Yanayobaki hadi mwisho hakuyafika, weka herufi H.

Kwa nini nasumbuka hivyo? Chukua mtihani wa maswali 50, watahiniwa 40. Swali la 50 limefikiwa na watu 22, wakalipata 15. Ukigawanya kwa 40 unapata 0.38, utasema swali gumu. Ukigawanya kwa 22 unapata 0.68, swali la kawaida kabisa. Kilichokuwa kigumu ni saa.

Tahadhari mbili. Kwanza, AVERAGE (wastani) ya Excel huruka seli tupu na seli zenye herufi kimyakimya. Ukimwachia aliyeruka seli tupu badala ya 0, umemwondoa kwenye hesabu, na swali gumu litaonekana jepesi. Pili, usiitangaze hiyo 0.68 kama kweli tupu. Waliofika mwisho ni wenye kasi, na mara nyingi ndio wenye uwezo. Andika namba zote mbili, na mtihani ujao punguza maswali au ongeza muda.

Hatua ya 4. Ugumu (p). Waliopata gawanya kwa waliolifikia, yaani wenye 1 na wenye 0, bila wenye H. Jibu liko kati ya 0 na 1, na namba ikiwa kubwa, swali ni jepesi. Swali lenye machaguo manne likiwa na p ya 0.25, wanaweza kuwa wamebahatisha wote. Katikati ya kubahatisha na kupata wote ni 0.625, ila Frederic Lord mwaka 1952 alionyesha kwamba kwa machaguo manne ni heri kulenga juu kidogo, karibu 0.74.

Hatua ya 5. Kutofautisha (D), yaani swali linawatenganisha kiasi gani wanaojua na wasiojua. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa watu 40 ni 11 na 11. Juu wamepata 9, chini wamepata 4: tofauti ni 5, gawanya kwa 11, D ni 0.45. Kwa vipimo vya Robert Ebel, 0.40 kwenda juu ni swali zuri sana, 0.30 hadi 0.39 linafaa, 0.20 hadi 0.29 lirekebishwe, chini ya hapo liandikwe upya au litupwe. Lakini swali walilolipata karibu wote haliwezi kuwa na D kubwa. Kama uliliweka makusudi kuhakikisha jambo la msingi limeeleweka, liache.

Hatua ya 6. Usitupe swali kabla hujatazama herufi. Mfano: "Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini ni: A moyo, B ini, C ngozi, D ubongo." Mtunzi kaweka jibu B. Kundi la juu: A 1, B 3, C 7. Kundi la chini: A 2, B 6, C 2, D 1. Kutofautisha (ile D ya hatua ya 5, si chaguo D) ni hasi 0.27, maana yake wanaojua ndio wanaokosa. Wamekimbilia C kwa sababu ngozi ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote, na mtunzi kasahau kuandika "cha ndani". Hapo wenye C wapewe alama zao.

Hatua ya 7. Hifadhi p na D za kila swali, pamoja na maelezo ya darasa lililolifanya. p si mali ya swali peke yake. Wape darasa lingine, inabadilika.

Maswali karibuni.

---

Haraka Haraka: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo swali langu lenye p 0.92 ni gumu sana, nilitoe?

Mtahini: Hatua ya 4, palipoandikwa "namba ikiwa kubwa, swali ni jepesi".

Binti Hesabu: Asante mwalimu. Kwa nini 27 na si 25 au 30? Namba inanichekesha.

Mtahini: Swali zuri hili. Ni kazi ya Truman Kelley, mwaka 1939. Unavuta kamba pande mbili: ukichukua watu wachache wa juu kabisa na wa chini kabisa, tofauti yao ni kubwa lakini ni wachache mno kuwategemea. Ukichukua wengi, unawategemea lakini wanaanza kufanana. Kelley alitafuta mahali pande hizo zinapolingana, alama zikiwa zimetawanyika kwa umbo la kengele, akaangukia 27. Hata 25 au 33 haikuharibii kitu. Darasa likiwa dogo, gawa nusu kwa nusu.

Na kwa kuwa unapenda kuchimba: alama ya jumla uliyopangia watu ina swali lenyewe ndani yake, kwa hiyo D inajipendelea kidogo. Kwenye mtihani wa maswali 50 haionekani. Kwenye jaribio la maswali 8, toa kwanza alama ya swali unalolipima ndipo upange upya.

Chaki Nyeupe: Kwa heshima zote mkuu, haya mahesabu ni ya wasio na uzoefu. Mimi nikilitazama swali nalijua gumu au jepesi.

Mtahini: Kwa heshima hiyohiyo, mkuu, jambo hilo limepimwa. James Impara na Barbara Plake, 1998, waliwachukua walimu wa sayansi wanaowajua wanafunzi wao na mtihani wenyewe, wakawataka wakadirie ni wangapi watapata kila swali. Makadirio hayakukaa sawa. Ukishajua jibu, ni vigumu kuliona swali kwa macho ya asiyelijua. Sijasema hujui kufundisha.

Chaki Nyeupe: Sawa, nitajaribu kwa darasa moja. Ila yale ya ngazi za kufikiri za Bloom je? Swali la kuchambua si gumu kuliko la kukumbuka?

Mtahini: Si lazima. Ngazi za 1956 zinaeleza aina ya kufikiri, hazisemi wangapi watapata. Muulize mtu tarehe ambayo hakuna anayeikumbuka: ni kukumbuka tu, na p itakuwa sakafuni. Muulize achambue jambo mlilolizungumza jana, watapata nusu ya darasa.

Haraka Haraka: Mkuu naomba unitumie faili lililokwisha kutengenezwa, nijaze tu.

Mtahini: Sina. Hatua ya 2 haichukui hata nusu saa.

Kalamu Nyekundu: Nyongeza ndogo kwa wanaotunga. Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 mwaka 2005, akaona machaguo matatu yanatosha mara nyingi. La nne huwa la kujazia nafasi, hakuna anayelichagua.

Mtahini: Kweli, na hatua ya 6 itakuonyesha. Potoshi, yaani chaguo lisilo sahihi, linalochaguliwa na chini ya asilimia 5 halifanyi kazi. Nami naongeza: acheni "Lipi si sahihi isipokuwa...". Hapo unapima subira ya mtu. Jamal Abedi na Carol Lord, 2001, walirahisisha lugha ya maswali ya hesabu bila kugusa hesabu yenyewe, na walionufaika zaidi ni waliokuwa dhaifu kwenye lugha ya mtihani.

Mwanagenzi: Samahani, naweza kuwa nje ya mada. Mazoezi ya darasani nayo yalenge 0.74?

Mtahini: Hauko nje, mdogo wangu. Mtihani unataka kutofautisha watu, zoezi linataka watu wajifunze, kwa hiyo namba haihami kutoka huku kwenda kule. Kuna Robert Wilson na wenzake, 2019, waliopata kwamba kujifunza kunakwenda kasi zaidi mtu akipata kama asilimia 85. Lakini walifika hapo kwa hesabu na mifano ya kompyuta, kwenye kazi za kuchagua moja kati ya mawili. Usiibebe kama amri.

Chenye nguvu zaidi ni kazi ya Roediger na Karpicke, 2006. Waliosoma tena matini walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka ndio walioongoza. Robert Bjork huuita ugumu wa namna hiyo ugumu wenye faida. Unaumiza leo, na mwanafunzi mwenyewe atakwambia hajaelewa. Ila kama msingi hana kabisa, ugumu haumsaidii, unamkatisha tamaa tu.

Mwanagenzi: Nimekuelewa sana mwalimu. Na insha?

Mtahini: Wastani wa alama gawanya kwa alama kamili. Swali la alama 10, wastani 5.5, p ni 0.55. Ila kwanza wasahihishaji wawili wasahihishe karatasi chache zilezile, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana sana, hiyo p inampima msahihishaji.

Haraka Haraka: Mkuu nimejaza. Safu nzima imenipa 1.00 kila swali.

Mtahini: Waliokosa umewaachia seli tupu. Hatua ya 3.