Somo: Kusanifu kwa objekti mfumo wa taarifa wa AMCOS ya zabibu

Wanafunzi wengi hukimbilia kuchora majedwali ya kanzidata kabla hawajajua kazi yenyewe inavyokwenda. Sisi tuanzie kwenye mizani. Mfano wetu ni AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya wakulima wa zabibu hapa Dodoma, ambako mavuno ni mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 1. Kaa na karani, msikilize. Atakwambia mkulima analeta mzigo, unapimwa, uzito wa kreti unatolewa, stakabadhi inaandikwa. Baadaye mhasibu anakata mkopo wa dawa ndipo analipa. Majina hayo ndiyo klasi zako za mwanzo, yaani aina za vitu (kitu kimoja cha aina hiyo, kama mkulima fulani, ndicho objekti): Mkulima, Mzigo, Stakabadhi, Mkopo, Malipo. Ongeza Msimu.

Hatua ya 2. Kila klasi ipewe wajibu wake. Mzigo una kilo 212 pamoja na kreti, kreti zina kilo 12. Mzigo wenyewe ndio ujibu kwamba zabibu ni kilo 200. Ukipiga hesabu hiyo kwenye ukurasa wa malipo, kisha tena kwenye ripoti, iko siku utarekebisha mahali pamoja usahau kwingine, na anayepunjwa ni mkulima.

Hatua ya 3. Bei. Hapa ndipo pa kutulia. Malipo yakisoma bei ya leo, bei ikibadilika hata mizigo ya zamani inabadilika thamani, na ripoti ya msimu uliopita haitalingana na fedha zilizolipwa. Mzigo ubebe bei ya siku ulipopokelewa.

Hatua ya 4. Chora uhusiano: mkulima mmoja, mizigo mingi; kila mzigo, msimu mmoja. Tumia UML, lugha ya michoro ya kusanifu programu, iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 1997. Penseli inatosha.

Hatua ya 5. Ripoti za meneja na bodi ziziulize objekti hizo. Zisiwe na takwimu zao pembeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwenyekiti wetu naye ni mkulima. Niweke klasi Mwenyekiti inayorithi Mkulima, yaani ichukue sifa na kazi zake zote?

Jibu: Marahaba. Hapana. Akimaliza muda wake anabaki mkulima yuleyule, na mizigo yake ni ileile. Tengeneza klasi Wadhifa yenye cheo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Urithi unafaa kwenye Malipo: ya benki na ya simu yote ni malipo, ila kila moja lina njia yake ya kutuma pesa.

Swali: Karani akikosea uzito na stakabadhi imeshatoka, nihariri Mzigo?

Jibu: Usiguse. Ongeza klasi Sahihisho: tofauti ya kilo, sababu, aliyeidhinisha. Mkulima anayo karatasi mkononi. Mfumo lazima uweze kueleza ulichoandika humo.

Swali: Tuna mizani vijiji viwili na mtandao unakatika. Namba za stakabadhi hazitagongana?

Jibu: Zitagongana kama kila kituo kinaanza na 1. Tanguliza msimbo wa kituo kwenye namba, kila kituo kihesabu chake, mtandao ukirudi zitumwe makao makuu.