Kabla hujachimba msingi: kupima udongo na maji ya kiwanja

Viwanja vya mabondeni Dar es Salaam huuzwa kiangazi. Mwezi wa tisa pamekauka, dalali anakanyaga na viatu vyake vyeupe, nawe unatoa hela. Masika ndiyo inayokuonyesha ulichonunua. Ila udongo hauyasahau maji, ukijua pa kutazama.

1. Zunguka kwanza. Ukikuta magimbi au matete, maji hayako mbali. Angalia kuta za majirani: chumvi nyeupe na plasta inayobanduka kwa chini mara nyingi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Mwenye kisima muulize maji hufika wapi mwezi wa nne, si leo. Uliza pia kama pamewahi kujazwa kifusi.

2. Chimba mashimo. Kwa nyumba isiyo na ghorofa mimi huchimba matatu: mawili kwenye pembe za nyumba zinazotazamana, la tatu litakapokaa karo la choo. Kina mita mbili, au zaidi ikiwa msingi wenyewe unashuka sana. Likipita kiuno, mtu asishuke bila mbao za kuzuia kuta. Mchanga humwagika ghafla bila kupiga hodi.

3. Soma tabaka. Kila tabaka liwe na lundo lake. Lowesha donge, lisokote kiganjani. Likikatika mapema ni kichanga; likifika wembamba wa kijiti cha kiberiti bila kukatika, una mfinyanzi. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa za kuingiza vidole wakati wa jua, uogope: hunyonya maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba inapanda na kushuka nao.

Sasa tazama ukuta wa shimo, upande unaopigwa na jua. Juu utaona rangi moja, nyekundu au kahawia. Ukishuka, pengine kwenye sentimita 80, yanaanza madoa ya kutu ndani ya udongo wa kijivu. Hapo chuma cha udongoni kimekuwa kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka. Yanapoanzia madoa ndipo maji hupanda wakati wa mvua, hata kama leo shimo ni kavu kabisa.

4. Subiri maji. Niliwahi kuchungulia shimo la mfinyanzi nusu saa, nikamwambia mwenye nyumba ni kavu. Asubuhi yake maji yalikuwa magotini. Mfinyanzi huyaachia polepole, kwa hiyo funika shimo, zungushia uzio watoto wasitumbukie, rudi kesho na kesho kutwa. Andika kina, tarehe na saa; karibu na bahari andika pia kama maji yamejaa au yamekupwa.

5. Jua mwisho wako. Ghorofa, mbuga, kifusi au maji juu ya kina cha msingi: ita mhandisi wa udongo. Watatoboa ardhi na kupiga nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76, wakihesabu mapigo ili kujua ugumu wa udongo. Gharama inauma, lakini kubomoa ukuta uliopasuka kunauma zaidi.

Ukimaliza, fukia mashimo kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila moja, na uyaweke kwenye ramani. Fundi akipitisha msingi juu ya shimo lililofukiwa ovyo, patatitia hapo hapo.