Kupunguza Gharama za Umeme Nyumbani Nairobi: Anza Penye Joto

Mtu anapoamua kupunguza gharama za umeme, kwa kawaida huanza na taa. Huzima ya sebuleni, huwakemea watoto walioacha ya chooni ikiwaka, kisha hushangaa kuona tokeni zimekwisha tarehe ileile ya mwezi uliopita. Katika nyumba nyingi za Nairobi, sehemu kubwa ya umeme huliwa na vifaa vinavyotoa joto, yaani shawa, boila, birika, koili ya kupikia na pasi, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza bafuni na kumalizia paani.

Kabla ya kununua chochote, isome mita yako. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyopita, na kando yake huandikwa idadi ya mimweko inayofanya uniti moja, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu usiku, chomoa hata chaja, kisha kitazame: kikiendelea kumweka, ama kuna kifaa ulichokisahau, ama waya unavuja mahali, ama jirani ameunganishwa kwako. Baada ya hapo washa kifaa kimoja kimoja na uhesabu mimweko kwa dakika. Mimi nilibandika karatasi karibu na mita, nikaandika namba kila jioni kwa wiki mbili, na karatasi hiyo ilinifundisha mengi kuliko ushauri wote niliopewa madukani.

Jambo la pili la kujua ni viwango vya bei. Tangu 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na kadiri unavyopanda ndivyo bei ya kila uniti inavyopanda. Kwa hiyo familia inayotumia uniti 110, ikishuka hadi 95 na kudumu hapo, huokoa zile 15 na pia hulipa kidogo kwa zote zilizobaki. Hapo ndipo wapangaji wa ploti, yaani vyumba vingi vya kupanga kwenye kiwanja kimoja, zenye mita moja kuu huumia, kwani matumizi ya milango yote hujumlishwa na kuwapandisha kiwango. Kama mwenye nyumba ni mtu wa kusikilizana naye, mwombe kila mlango uwe na mita yake.

Sasa twende bafuni. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikitumiwa kwa dakika kumi hula takriban uniti 0.83. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi unakwisha kwa uniti 100. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haimalizi uniti moja na nusu kwa mwezi. Yaani shawa hiyo moja inakula kuliko taa 70, na kuna watu wanaotumia miaka wakigombania swichi ya sebuleni!

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: shusha swichi ya shawa hadi kiwango cha kati, na kila mtu aoge dakika sita. Kwa wati 3,500, familia ileile itatumia takriban uniti 42. Mwezi wa saba, asubuhi za Nairobi zikiwa na baridi kali, hili ni gumu kwa mtoto, nami nakubali, lakini miezi mingine inawezekana kabisa. Hakikisha pia kuwa waya wa shawa ni mnene wa kutosha. Waya mwembamba hupata moto ukutani, na moto huo ni pesa yako, mbali na hatari ya kuunguza nyumba.

Kwa anayemiliki nyumba, hakuna badiliko ninalolipendekeza kwa moyo mmoja kama kipasha maji cha jua. Mji wetu uko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mabomba ya kioo ya kipasha hicho yaelekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo. Maji yakipata joto hupanda yenyewe hadi kwenye tangi la juu, bila pampu, lakini sharti tangi kuu la maji baridi liwe juu zaidi ya kipasha, jambo ambalo mafundi wengine hulipuuza mpaka siku ya kufungulia bomba. Lita 200 za maji ni kilo 200, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mbao za paa zikaguliwe kwanza. Mabomba ya maji moto yavalishwe sponji, ama joto litapotelea njiani. Na ule waya wa umeme ulio ndani ya tangi, wa kupasha maji siku za mawingu, ufungiwe saa ya kuuzima, kwa sababu ukiachwa umewashwa usiku na mchana, utakuwa umenunua boila ya kawaida kwa bei ya jua. Mpangaji akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kugusa paa.

Jikoni kuna jambo ambalo wapishi wengi wa hapa hawaambiwi. Kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji ya Nairobi huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100, na ndiyo sababu githeri huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Koili ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili mfululizo hula uniti 3. Sufuria ya presha ya umeme hupandisha joto kupita nyuzi hizo 94, ikajizima na kujiwasha yenyewe, na maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva kwa takriban nusu uniti. Chai ipikwe mara moja na kutiwa kwenye thamosi.

Friji ina kipimo chake rahisi. Fungia noti ya shilingi 50 mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi inavuja. Fundi wa friji atakubadilishia mpira bila wewe kununua friji mpya. Iweke mbali na meko, uache nafasi ya kiganja nyuma yake, na uyeyushe barafu kabla haijawa nene kama kidole. Ukinunua nyingine kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, katikati ya mji, tazama kibandiko cha nyota: nyota zikiwa nyingi, matumizi ni madogo. Friji ya mtumba isiyo na kibandiko inaweza kuwa rahisi dukani na ghali kwenye tokeni, tena kwa miaka kumi.

Taa zote ziwe za LED, na hayo yatosha. Kwenye chumba chenye giza mchana, bati moja la kupitisha mwanga hufanya kazi vizuri.

Paneli za jua za kuzalisha umeme ziwe za mwisho. Anayezifunga kabla ya kurekebisha shawa na jiko hulazimika kununua betri nyingi za kulisha joto, ilhali anayezifunga baadaye huhitaji mfumo mdogo wa kubeba taa, friji, televisheni na intaneti. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, aione karatasi yako ya mita, na apige hesabu kutokana nayo.