Jinsi ya kupendekeza ndege za kivita za Indonesia ziingizwe kwenye gemu

Mapendekezo mengi ya ndege za Indonesia hufa kwa sababu moja: mwandishi anaomba rangi, mwenyewe akidhani anaomba ndege. Ukiandika "tunaomba F-16 ya Indonesia", watengenezaji wa gemu ya ndege na vifaru kama War Thunder wanaiona F-16 waliyonayo tayari, ila imebandikwa bendera nyekundu na nyeupe. Wataitupa kwenye fungu la mapambo na habari imekwisha. Basi kabla hujaandika neno, jibu swali hili kwa sentensi moja: ndege hii ya Indonesia ina nini ambacho ile iliyomo haina? Jibu liwe silaha, injini, rada au kazi yake vitani. Ukikosa jibu, hamia ndege nyingine. Zipo tele.

Kuchagua ndege

Jeshi la anga la Indonesia lilianzishwa tarehe 9 Aprili 1946 na zamani lilijulikana kama AURI; leo linaitwa TNI-AU. Limerusha karibu kila aina: mabaki ya Wajapani, Mustang walizoacha Waholanzi, wakoloni wake wa zamani, mwaka 1950, MiG na Tupolev za Kisovieti katika miaka ya 1960, halafu za Marekani na Uingereza, na baadaye Sukhoi za Urusi. Wingi huo unawalevya watu, wakaomba ndege ishirini kwa mkupuo. Pendekeza moja, tena kwa toleo lake kamili.

Mfano mzuri kuliko yote ni Sabre. Mwaka 1973 Australia iliipa Indonesia ndege ambazo watu wengi huziita F-86, nazo si F-86 za Marekani hata kidogo. Ni CA-27, iliyoundwa Australia na Commonwealth Aircraft Corporation. Injini yake ni Rolls-Royce Avon badala ya General Electric J47, na badala ya bunduki sita za rashasha za milimita 12.7 ina mizinga miwili ya ADEN ya milimita 30. Kwa mchezaji hiyo ni ndege nyingine kabisa: risasi chache, lakini moja ikigusa bawa inatosha. Hakikisha kwa kuitazama picha ubavuni, nyuma kidogo ya pua. Ukiona matundu matatu madogo kila upande, hiyo ni ya Marekani. Ukiona tundu moja kubwa kila upande, ndiyo yenyewe. Watu wamewahi kuambatisha picha ya Sabre ya Marekani kwenye pendekezo la CA-27, na msomaji makini anaacha kusoma hapo hapo.

OV-10F Bronco, ndege ndogo ya kushambulia malengo ya ardhini, nayo ina hoja. Indonesia ilinunua 16 kuanzia 1976, na bunduki zake za milimita 7.62 zikabadilishwa kuwa Browning za 12.7. Hawk 209 je? Watu wanaijua Hawk kama ndege ya mafunzo ya viti viwili. Hii ina kiti kimoja, rada puani na reli za makombora kwenye ncha za mabawa. Kwa gemu yenye meli za kivita, andika Tu-16KS-1, inayobeba makombora mawili ya KS-1 ya kupigia meli. Nchi zilizopewa toleo hilo nje ya Umoja wa Kisovieti ni chache mno.

MiG-21F-13 ni tamu kuisimulia, lakini hoja yake ni nyepesi. Mzinga mmoja wa NR-30 na makombora mawili ya K-13 ni yale yale ya Msovieti. MiG-17F hali kadhalika. F-5E na T-50i ziache mpaka upate tofauti ya kushikika.

Kisha kuna ndege za tukio. P-51D ya Indonesia haina silaha mpya: bunduki sita, risasi 1,880 kwa jumla, kama Mustang nyingine. Lakini tarehe 18 Mei 1958 rubani Ignatius Dewanto akiwa ndani ya Mustang aliishambulia B-26, ndege ya mabomu ya Allen Pope, rubani aliyetumwa na CIA, karibu na Ambon, huku meli nazo zikiifyatulia, na ikaanguka. (Ambon iko Maluku, kule ilikotoka karafuu kabla haijafika Unguja na Pemba.) Ndege ya namna hii usiiombee nafasi ya kawaida, iombee tuzo ya msimu. Angalia pia herufi: miongoni mwa Mustang za Waholanzi zilikuwamo P-51D na P-51K, na K ina propela ya Aeroproducts.

Kongwe zaidi ni Cureng, ndege ya mafunzo ya mabawa mawili ya Kijapani, Yokosuka K5Y. Alfajiri ya 29 Julai 1947 Cureng mbili na Guntei moja, yaani Mitsubishi Ki-51, ziliruka kutoka uwanja wa Maguwo, Yogyakarta, zikapiga ngome za Waholanzi Ambarawa, Salatiga na Semarang. Ndege ya mafunzo iliyofungiwa mabomu ni kioja kinachopendwa na wachezaji wa ngazi za chini. Alama yake ielezwe sawasawa: mwanzoni duara jekundu la Kijapani lilipakwa nyeupe nusu ya chini, likawa bendera. Ukiweka alama ya miaka ya 1960 kwenye ndege ya 1947, utachekwa.

Kuchambua vyanzo

Anayenunua karafuu hutazama kwanza kama zimechanganywa na makonyo (vijiti vyake), na vyanzo nawe vifanyie hivyo hivyo. Kila dai la silaha, uzito na kasi liwe na vyanzo viwili visivyonakiliana. Tovuti tano zikiwa na sentensi ile ile, pamoja na kosa lile lile la herufi, hizo hesabu moja. Kinachobeba uzito ni kitabu cha mwongozo wa rubani wa toleo lenyewe, halafu kitabu cha historia chenye namba za mkia, halafu picha yenye mwaka.

Tafuta kwa Kiindonesia, maana Kiingereza kitakupa robo tu. Andika "pesawat tempur" kwa ndege ya kivita, "pesawat latih" kwa ya mafunzo, "pembom" kwa ya kudondosha mabomu, "senapan mesin" kwa rashasha, "skadron udara" kwa kikosi, "pangkalan" kwa kambi. Mswahili ana bahati hapa: akikutana na "kabar", "waktu" na "dunia" hahitaji kamusi. Ongeza namba ya kikosi na matokeo yanachujika: "Skadron Udara 3" itakuletea F-16 za kambi ya Iswahyudi, Madiun.

Ndege za makumbusho, kama zile za Dirgantara Mandala kule Yogyakarta, zinafaa kwa umbo na vipimo. Kwa silaha usiziamini. Ndege iliyostaafu hupakwa rangi upya na kutundikiwa mabomu yaliyokuwepo ghalani ili ipendeze, hata kama haikuwahi kuruka nayo.

Nyaraka za siri za jeshi usiziguse, hata kama umezikuta wazi kwenye simu ya mtu. Gemu hizi zimeshapata aibu ya wachezaji kumwaga siri za vifaru na ndege ili washinde mabishano. Pendekezo lenye waraka wa aina hiyo hufutwa, na mwenyewe hufungiwa.

Faili za miongozo ni nzito, nyingine mamia ya megabaiti. Zishushe usiku bando likiwa la bei nafuu, uzihifadhi kwenye simu na kwenye flashi, umeme ukikatika Wete au Bububu kazi isisimame. Kila faili lipe jina lenye toleo na ukurasa unaoutaka.

Namba

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Nyaraka za Australia na Uingereza za zamani hutumia galoni ya Kiingereza, lita 4.546. Ya Marekani ni lita 3.785. Tangi la galoni 100 ni lita 455 kwa moja na 379 kwa nyingine. Ukichanganya, umeipunguzia ndege lita 76 za mafuta kila tangi. Kasi nayo ina mtego wake: maili 700 kwa saa ni kilomita 1,127, lakini noti 700 (noti ni maili ya baharini kwa saa) ni 1,296, na ndege yako imeshakuwa ya kizazi kingine. Maili zidisha kwa 1.609, noti kwa 1.852, futi kwa 0.3048, ratili kwa 0.4536. Acha namba ya asili mbele na ya kubadilisha ifuate, ili mkaguzi aone ulipotoka.

Uzito uandike wa aina tatu: mtupu, wa kuruka kawaida, na wa juu kabisa. Kasi bila urefu wa angani haina maana. Mabomu yaorodheshe kwa mpangilio unaowezekana kwa mkupuo mmoja. Kosa la kawaida ni kujumlisha kila kitu kilichowahi kufungwa, mpaka Bronco inabeba mzigo wa Tu-16.

Kuandika na kuwasilisha

Anza na aya ya mistari mitano: jina kamili la toleo, mwaka lilipoingia Indonesia, tofauti yake. Historia isizidi ukurasa mmoja. Kisha jedwali la vipimo, silaha, picha nne au tano zenye maelezo (ubavu, mbele, chumba cha rubani, silaha zikiwa zimefungwa), na vyanzo mwishoni vyenye namba za kurasa. Kabla ya kutuma, tafuta kama ndege hiyo imeshapendekezwa. Pendekezo la pili hufungwa hata likiwa bora kuliko la kwanza.

Kama Indonesia haina tawi lake kwenye gemu unayoichezea, sema ndege iwekwe wapi na kwa nini. CA-27 inakaa vizuri upande wa Uingereza pamoja na ndege za Australia. Ila usiiweke ndege ya Indonesia chini ya Uholanzi. Hiyo ni kumrudisha mtu kwenye nyumba aliyopigania kutoka, na wachezaji wa Indonesia watakupinga kabla ya wengine.

Kwa BR, ile namba inayoamua unapangwa na nani, usitaje unayoitamani. Mtafute jamaa yake aliyemo, taja namba yake, halafu eleza kinachoipandisha au kuishusha yako. CA-27 inapimwa na Sabre nyingine: injini na mizinga vinaivuta juu, uchache wa risasi unairudisha kidogo.

Likirudishwa, soma sababu waliyotoa na urekebishe hiyo tu. Ukiandika upya lote, mkaguzi anaanza kulisoma toka mwanzo.